Senti za Tundu

Jumatatu. Mvua ilianza asubuhi ikaacha saa tisa. Nikipalilia migomba, jembe lilitoa senti ya zamani yenye tundu katikati, nikamkumbuka Nyanya Nyaboke, jirani yetu wa utotoni.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, nilikuwa nikimchimbia viazi shambani kwake. Udongo ulinuka majani yaliyooza. Nikapata senti kama hizo, nyingi, zimetungwa kwenye waya. Nilidhani ni mkufu. Nikauvaa nikaenda nyumbani nikiringa, zikilia cha-cha-cha.

Wiki hiyo tulikuwa tumemzika mdogo wangu. Mama aliponiona alipiga nduru, majirani wakajaa.

"Umetoa wapi hii, Moraa?"

"Kwa Nyanya Nyaboke."

"Mmesikia? Ndiyo hirizi aliyomfunga nayo mtoto wangu akafa!"

Nyanya alitoka mlangoni kwake. "Hiyo ni pesa ya zamani, wanangu. Tulikuwa tunaitunga hivyo isipotee."

"Nyamaza, mchawi!"

Wakachoma nyumba yake. Mimi nilidhani wanaichoma kwa sababu mkufu umeibwa, sikusema niliuchimbua shambani, nisichapwe. Nyanya aliondoka na leso moja kwenda kwa kaka yake huko Nyakoe, hatukumwona tena.

Sasa najua alisema kweli. Lakini nisimwonee Mama, alikuwa na uchungu wa mtoto. Na mimi pia ningeweza kuongea, ingawa labda wasingenisikiliza. Sijui.

Jioni tulikula ugali na samaki. Mama haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo nilimtolea miiba, na sikumuuliza kitu kuhusu Nyanya.