Uji wa Fundi kwenye Fainali ya Igunga

Timu ya kikapu ya chuo chetu haijawahi kucheza mechi ikaisha siku ileile. Inaisha uwanjani, halafu kesho yake inaanza upya kwenye baraza la duka, Kanyenye, pale ninapouzia mchele. Hapo ndipo tunapohukumu. Nani alitakiwa kutoa pasi akang'ang'ania, nani alirusha kwa tamaa, nani alisinzia kwenye kukaba. Kocha angetusikia angehama mji.

Baraza ni la mzee mmoja wa Kihindi, muuza vitambaa, ambaye ujanani alicheza kikapu hapahapa Tabora na mpaka leo akibishiwa anasimama kuonyesha miguu inavyokaa. Kushoto kwa mlango anakaa fundi cherehani. Kulia niko mimi na magunia yangu. Fundi ni Mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi kila siku, lakini mdomo wake haujui kupumzika. Uzi ukikatika, mashine inasimama, yeye anaendelea.

Watu wananiuliza, mama mzima na hijabu yake, kikapu kilimwingiaje? Kiliniingia kupitia dirishani. Nilirudi shule nikiwa na watoto, masomo ya jioni, na darasa letu la watu wazima lilikuwa chumba cha mwisho pale chuoni. Uwanja uko nyuma ya dirisha. Mwalimu anachora pembetatu ubaoni, nje mpira unadunda, na wanaume watu wazima wote wameangalia pembeni. Nikaanza na mimi kuangalia. Miaka ile nilijifunza vitu viwili kwa pamoja, cheti nikapewa cha kimoja.

Baadaye kijana wangu akachaguliwa chuo hichohicho. Si mrefu, urefu wa ukoo wetu unajulikana. Lakini ana mbio, na ana macho ya kuona mwenzake alipo kabla mwenzake hajafika. Ndiye anayepandisha mpira na kuwagawia wenzie.

Mwaka huu msimu ulianza vibaya. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa tena ugenini, fundi akatangaza kwamba tukifungwa ya tatu anahamia mpira wa miguu. Kocha akampa kijana wangu timu aichezeshe, na hatukufungwa ya tatu. Wala ya nne. Tukaenda Nzega tukashinda kwa taabu, tukaenda Urambo tukashinda kwa raha, na barazani watu wakaanza kukaa mpaka kwenye magunia yangu. Wengine hata mchele hawanunui, wanauliza tu, "Jumamosi tunacheza na nani?" Chuo chenyewe kidogo, ukikitaja Dar mtu anakuuliza kiko wilaya gani. Lakini pale Kanyenye tulikuwa tunaongea kama wenye ndege yetu.

Halafu Ramadhani ikaingia katikati ya ushindi.

Kijana wangu alifunga. Hajaacha tangu utoto, na sikuona cha kujadili. Nusu fainali alicheza na saumu yake jua kali, na mwishoni miguu ikamwishia. Akafanyiwa faulo, akapewa mitupo miwili ya bure, akakosa yote miwili. Tulipona kwa bahati. Kesho yake barazani hapakukalika.

Fundi alikuwa amenisubiri. Akaanza kwa upole, akasema fainali ni Igunga, na Igunga ni safari, na msafiri ana ruhusa ya kula. Nikamuuliza kayatoa wapi hayo. Akasema anao majirani Waislamu, na masikio anayo. Akaanza kupima umbali, kutoka Tabora mpaka Nzega, kutoka Nzega mpaka Igunga, zamani wapagazi walitembea siku ngapi na mizigo kichwani. Mtu mmoja akamwita Sheikh Cherehani na jina likashika palepale. Mzee wa duka naye akachangia kwamba wao Wahindu siku ya kufunga wanakula viazi, matunda na maziwa, kwa nini sisi tunajitesa.

"Mzee," fundi akamwambia, "huko si kufunga. Huko ni kubadili mboga."

Tulicheka, lakini aliponigeukia hakuwa anacheka. "Dada, mwambie mtoto ale. Siku moja tu. Neno lako hawezi kulipinga."

Nikamwambia nilimfundisha kufunga, na kufungua ni juu yake. Siwezi kumwamrisha aache wala kumwamrisha aendelee. Baraza lote likaguna. Toka siku ile mtu akija kununua mchele ananiangalia kama nimeficha kombe chini ya gunia.

Jioni ya kabla ya safari, baada ya kufuturu, nilimweka kijana chini. Baba yake alikuwa porini kwenye mizinga yake ya nyuki, hivyo maneno yalikuwa yangu. Nilikuwa nimemuuliza ustadhi wetu, naye alisema ruhusa ya msafiri ipo, na mwenye kuweza akifunga, saumu yake ni sahihi. Nikamweleza hivyohivyo.

"Ukila sitakununia," nikamwambia. "Ukifunga sitakusifu. Lakini usinifungie mimi."

"Sikufungii wewe, mama," akasema, akaomba aongezwe tambi.

Kocha alikuwa ameshamwambia wazi: ukifunga unakaa benchi. Si kwa ubaya. Aliniambia mwenyewe getini pale chuoni kwamba hawezi kunipigia simu kuniambia mtoto wangu ameanguka. Nikamjibu simu haitahitajika, mimi nitakuwa palepale.

Tulikwenda mashabiki gari zima. Mzee wa duka alifunga duka, jambo ambalo halijawahi kutokea siku ya kazi, akakaa mbele kwa dereva. Fundi alipanda na chupa ya chai kubwa ameizungushia vipande vya vitenge, akaiweka katikati ya magoti na hakuiachia mpaka Igunga. Nilimuuliza kuna nini humo. Akasema dawa. Lakini gari likiruka shimo kifuniko kilipumua kidogo, na mimi nimepika maisha yangu yote. Ule ulikuwa uji wa karanga.

Igunga nina mwenyeji, mama mmoja anayeniuzia mchele miaka yote, na yeye ni shabiki wa chuo chao mpaka kwenye mifupa. Alinipokea kwa kunikumbatia, hajanipa hata nafasi ya kushuka vizuri.

"Nasikia mmetuletea mchezaji wa kulala. Nimemtandikia mkeka."

Nikamwambia autunze, jioni watakalia matanga.

Mechi ilikuwa saa tisa. Timu zote zikapasha misuli, refa akafika, watu wakajaa. Mgeni rasmi hayupo. Na pasipo mgeni rasmi hakuna wa kukagua timu, na timu zisipokaguliwa mpira haurushwi. Tukakaa. Saa tisa ikapita, saa kumi ikaja, jua la Igunga halina huruma na pale uwanjani hakuna mti. Mashabiki wao walikuwa wanafurahi waziwazi. Walijua tuna mchezaji mwenye saumu, na kila dakika ya jua ilikuwa yao. Yule mama wa mchele akaniimbia sikioni mgeni rasmi asije upesi, ale vizuri, alale kidogo. Kijana wangu alikuwa amekaa chini na taulo kichwani. Nikaenda nyuma ya madarasa nikasali alasiri, nikaomba Mungu amlinde, na ushindi nikautaja mwishoni kwa aibu kidogo.

Niliporudi mgeni rasmi ameshuka garini, anapeana mikono. Halafu hotuba. Fundi alikuwa ananihesabia kwa uchungu: "Amemaliza pamba. Yuko kwenye mpunga. Mungu wangu, ameanza na ng'ombe."

Mpira ulirushwa saa kumi na moja imeshapita.

Kijana wangu alikaa benchi kama kocha alivyosema. Robo ya kwanza tulikwenda sawa, ya pili wakatutangulia kidogo. Wakati wa mapumziko nilimwona fundi anateremka na chupa yake mpaka benchi. Akafungua, akamimina kwenye kifuniko, akamsogezea. Harufu yake ilifika mpaka tulipokaa. Kijana akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akakataa kwa adabu kama mtu anayekataa kukaribishwa nyumbani kwa mtu. Fundi akarudisha uji chupani taratibu, akapanda, akakaa karibu yangu. Hakusema kitu. Kwa jinsi ninavyomjua, niliogopa.

Mwishowe akasema, akiangalia uwanja, "Dada, tukifungwa leo, Kanyenye nzima nitaiambia imefungwa na wewe."

Alikuwa hatanii. Na nilijua hatakuwa yeye peke yake. Nitakaa kwenye baraza lile miaka yote iliyobaki, napima mchele, na watu wanasema ni dini ya yule mama iliyotupotezea kombe, na mtoto wangu atapita pale na kusikia. Nikafunga shungi langu vizuri, nikaangalia uwanja.

Robo ya tatu ilikuwa mbaya. Igunga wana kijana mmoja mrefu, anachukua kila mpira unaogonga chuma, na aliyechukua nafasi ya kijana wangu kupandisha mpira alikuwa anaupoteza mikononi. Yule mama wa mchele alikuwa hakai tena chini. Refa akapuliza mwisho wa robo. Na filimbi haijakata vizuri, msikiti wa upande wa stendi ukaanza kuadhini.

Muadhini hajafika neno la tatu, fundi ameshafika benchi. Sijui alipita wapi, alikanyaga watu. Nami nyuma yake na tende zangu kwenye mkoba. Refa, kijana mwenye msalaba shingoni, akatuangalia, akaangalia mbingu ilivyo nyekundu, akasema tuwe wepesi, anatupa dakika chache na mwanga bado upo. Kijana akasoma dua yake, akala tende, akanywa maji, akapokea kifuniko cha uji kwa mikono miwili. Nikaonja uliobaki kwa kidole. Ulikuwa na asali, na asali ile ninaijua, ni ya mizinga ya baba yake. Niliipeleka nyumbani kwa fundi Krismasi.

Basi tukaona watu wawili wanavuka uwanja kutoka upande wa pili. Wachezaji wa Igunga, mmojawapo ni yule mrefu. Wamesimama wanaangalia chini. Na wao walikuwa wamefunga, mashabiki wao hawakujua, na hakuna aliyekuja na kitu. Ule mchana wote mashabiki walioshangilia jua, lilikuwa linawapiga na vijana wao. Nikawapa tende. Fundi akaitazama chupa, akawatazama, nikaona anavyoteseka. Akamimina.

"Kunyweni," akawaambia. "Lakini msikimbie sana."

Kijana wangu akafuta mdomo, akamgeukia kocha. "Kocha, sasa je?"

Kocha akavuta pumzi. "Ingia."

Sijawahi kuona robo kama ile na sidhani nitaiona tena. Waendesha bodaboda walisogeza pikipiki pembeni ya uwanja wakawasha taa, maana giza lilikuwa linakuja. Kijana wangu alipokea mpira na timu yetu ikawa timu tena. Pasi zikaanza kufika. Tukapunguza, tukapunguza. Lakini na yule mrefu wao alikuwa ameshiba. Akapachika moja, akapachika nyingine, na fundi akashika kichwa kwa mikono yote miwili, analia kwamba ule ni uji wake, jamani, ule ni uji wake.

Sekunde za mwisho tuko nyuma pointi moja. Kijana akakata katikati yao, wakamwangusha. Faulo. Mitupo miwili. Uwanja mzima ulikumbuka nusu fainali, hata wa Igunga, maana walianza kupiga kelele kuikumbusha. Nilitaka kufumba macho, nikasema hapana, nilikuja kuona.

Wa kwanza ukaingia. Sawa kwa sawa.

Wa pili ukagonga chuma, ukaruka juu, ukarudi upande wa kulia, na beki wetu mmoja, ambaye msimu mzima tumemsema ana mikono ya mbao, alikuwa amesimama palepale. Akaudaka hewani akaurudisha kapuni. Filimbi.

Mzee wa duka alikimbia mpaka katikati ya uwanja, na umri wake ule. Mimi nilisujudu nilipokuwa, kwenye vumbi. Nilipoinuka yule mama wa mchele alikuwa ananisubiri na mkono kiunoni. Akasema kuanzia wiki ijayo bei ya mchele kwa watu wa Tabora inapanda. Kisha akanishika mkono akanipeleka kwake kusali na kula.

Sasa barazani kuna ubishi ambao hautaisha mpaka msimu mwingine: ule mtupo wa pili, aliukosa makusudi ili mwenzie auokote? Kijana alikuja siku mbili baadaye kusalimia, akaamkia wote, shikamoo huyu, shikamoo yule, na fundi hakumaliza hata marahaba.

"Tuambie. Wa pili ulikusudia?"

"Niliukosa tu, fundi. Mkono ulichoka."

Hawakumwamini. Fundi akawaelezea wengine kwamba mtu mwenye saumu hawezi kujisifu, ndiyo maana.

Siku zote zilizobaki mpaka Idi, jua likikaribia kuzama, fundi alikuwa anaweka ile chupa juu ya gunia langu, tunafuturu mimi na yeyote anayepita. Na mteja mgeni akileta suruali, lazima asikie habari ya Igunga kabla hajapimwa kiuno. Uji kila siku unazidi kuwa mzito, na jua linazidi kuwa kali.

"Wewe acha," namsikia anamwambia mtu. "Siku ile tulikuwa na saumu zetu, hatujala tangu alfajiri."

Simsahihishi. Napima mchele.