Gegedu la Cephas
Katika hospitali ya misheni karibu na Homa Bay, mwaka 1967, Filister alikuwa mfagiaji, tena mfagiaji aliyekuwa mkali mtu akigusa mtungi wa baridi. Kila Ijumaa bwana mifugo alipoleta naitrojeni ya majimaji, ile baridi kuliko barafu ya kugandishia mbegu za mafahali, ni yeye aliyechovya kijiti kupima kama imetosha. Wauguzi walimtania kwamba amepata mume wa chuma. Hawakujua walivyoukaribia ukweli.

Mtungini mlikuwa na vipande vya gegedu, ule mfupa laini unaosimamisha pua na masikio. Vilitolewa mbavuni mwa mumewe, Cephas, siku aliyokufa kwa ajali ya lori. Daktari alitaka kujaribu kuvihifadhi katika baridi kali mpaka apatikane wa kuwekewa. Filister alikubali peke yake kabla jamaa hawajafika, nao wakazika bila kujua kwamba marehemu amepungua.

Tangu hapo, kila shemeji yake Barnabas, ndugu ya Cephas, alipokuja kuuliza ni lini atakubali kurithiwa naye awe mkewe, alijibu, "Bado namlilia Cephas, shemeji." Wala hakuona kwamba anadanganya. Atarithiwaje, na mume hajazikwa akaisha?

Baada ya miaka miwili akaletwa Mniko, mchunga ng'ombe wa Kehancha, aliyeng'atwa pua na fisi akiwa usingizini. Daktari akamwagiza Filister alete mtungi. Alisimama nao mlangoni muda mrefu kuliko ilivyofaa. Aliogopa, tuseme wazi: mtungi ukishakuwa mtupu, atajificha nyuma ya nini? Kisha akaingia, akaukabidhi.

Bandeji zilipofunguliwa, pua ilikuwa imevimba na kukaa upande kidogo. Filister alimtafuta Cephas katika uso ule, hakumwona.

"Mama, sura yangu iko namna gani?" Mniko akauliza. "Sema ukweli tu."

"Iko sawa. Ni yako."

Akatoka nje akalia kilio ambacho hakukilia kaburini.

Jumapili Barnabas akaja, safari hii na kuku kwapani.

"Shemeji, hata leo bado?"

"Kulia imeisha."

Barnabas akatabasamu, akamweka kuku chini.

"Imeisha, na sitaki kurithiwa. Si na wewe, si na mtu mwingine. Kuku beba, urudi naye."

Barnabas akangoja Filister amtaje Cephas, kama kawaida yake. Hakumtaja.