Waliosimama Nje ya Kamba

Dada yangu alipogombea ubunge, kazi yangu ilikuwa kuwapata Wakongo. Nilijipa kazi hiyo mwenyewe. Wateja wengi wa duka langu la vitambaa hapa Nateete ni akina mama kutoka Kongo, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Waganda wa kamati ya kampeni ya dada walikuwa wakipita mitaa yao, wakisoma vibao vya saluni vilivyoandikwa Kifaransa na kurudi. Nikawaambia waniachie mimi.

Dada amenizidi miaka sita, na amekuwa mwalimu mkuu karibu maisha yake yote. Tangu utotoni hunisikiliza huku akisahihisha madaftari. Safari hii alinisikiliza akiwa ameweka kalamu chini, na sitaficha kwamba nilifurahi mno.

Mpinzani wake alikuwa na magari na spika kubwa. Sisi tulikuwa na miguu na picha za dada zenye alama yake ya kura, saa ya ukutani. Kila mtu alisema wanakaribiana sana. Zikiwa zimebaki wiki mbili, ratiba ya dada ikawa na Jumamosi moja tu iliyo wazi. Kamati ilitaka aende soko la Nateete. Mimi nikataka aende kwenye kanisa la Wakongo. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nikashinda.

Siku hiyo kanisa lilijaa mpaka nje. Mchungaji alitukaribisha kwa Kifaransa, na dada akajibu kwa maneno matatu ya Kifaransa niliyomfundisha njiani, mawili nikiwa nimeyakosea. Walicheka, wakampenda hapohapo. Alizungumza Kiganda, nami nikawa natafsiri kwa Kiswahili: mitaro ya maji machafu, shule, askari wanaowasumbua wauza vitenge. Mwishoni nikawauliza wao wenyewe, bila kumsubiri dada, kama mama huyu wanampenda. Paa lilitaka kuondoka. Nikauliza kama watakuwa pamoja naye siku ya kura. Wakasema watakuwepo wote.

Nikamwambia dada, hapa tumemaliza. Jumamosi ileile mpinzani wake alikuwa sokoni akishikana mikono na wauza nyanya.

Siku ya kura walikuja kweli, wamevaa nguo za kanisani. Kituo chetu kilikuwa uwanjani: meza, boksi la kura, na beseni la plastiki ambamo unaweka karatasi ili jirani asione unapotia alama. Mimi nilikuwa wakala wa dada, nimekaa kwenye benchi na orodha yangu. Niliwaona Wakongo wamesimama nje ya kamba iliyozungushwa kituo, wengine na watoto mgongoni, wananipungia mkono. Nikawapungia. Nilidhani wanangoja foleni ipungue. Saa nane foleni ilikuwa imekwisha na wao bado wamesimama.

Jioni msimamizi alianza kuhesabu, akiinua karatasi mojamoja ili wote tuione na kutaja jina kwa sauti. Kila jina la dada lilipotajwa, wale wa nje ya kamba walipiga makofi. Hakuna waliopiga makofi mengi kuliko wao. Dada alishindwa katika kituo chetu, na katika jimbo zima akapitwa kwa kura chache kuliko idadi ya watu niliowatafsiria kanisani.

Kesho yake mama mmoja wa kanisa lile alikuja dukani kunipa pole. Nilikuwa na hasira, nikamwambia mlituahidi. Alikunja kitambaa alichokuwa amekishika.

"Papa, sisi ni wakimbizi. Hatuna kitambulisho cha hapa," alisema. "Haukutuuliza kama tunachagua. Uliuliza kama tunamupenda."

Nilikaa chini. Ukoo wetu umeuza nguo mji huu tangu enzi za babu wa babu yangu, aliyetoka pwani, na bado kila nikienda ofisi kuhuisha kitambulisho, kijana nyuma ya meza huniuliza kwetu hasa ni wapi. Huwa natoka pale na hasira. Na mimi ninayeulizwa hivyo ndiye niliyesahau kuwauliza wao kama wanaweza kupiga kura. Niliona aibu, na naiona hata ninapoandika.

Jioni nilikwenda kwa dada nikamweleza yote, na jinsi nilivyoing'ang'ania Jumamosi ile. Alikuwa akitoa picha zake ukutani. Nilingoja anifokee kama anavyowafokea walimu wake.

"Walisimama kutwa nzima juani," alisema. "Umewashukuru?"

Nikasema hapana, nimewagombeza. Akaacha picha, akajifunga mtandio, akaniambia nitangulie kumwonyesha njia ya kwao.