Sakoshi za Papa Neema

Bwana yangu, Papa Neema, alienda Kamanyola na pikipiki, na vita ikafunga barabara nyuma yake. Sakoshi zake mbili za ngozi, mifuko ya kufunga kwenye pikipiki, aliziacha nyumbani, sababu kwenye bariere za njiani basoda na bunduki zao walipekua kila mufuko. "Uzipakalie mafuta, ngozi isipasuke. Kesho niko hapa," alisema.

Mwaka ukapita. Kila siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, nilifuta ukungu, nikapakaa mafuta ya ng'ombe. Mikanda iliyokatika niliishona na uzi mwekundu.

Juma iliyopita padiri aliziazima kwa safari ya Katana. Mimi mwenyewe, mujinga huyu, ndiye nilizifunga kwenye pikipiki yake!

Siku ya Mungu, tukitoka misa ya padiri mugeni, nikaona mutu amekaa juu ya pikipiki, ametupa mugongo. Sikuona kitu kingine, ila ule uzi mwekundu. Nikakimbia, nikamukumbatia kwa nyuma nikilia: "Papa Neema, umerudia!"

Yule mutu akavua kofia polepole. Alikuwa padiri wetu, vumbi ya Katana bado usoni.

"Maman Neema," akasema, "nilikuwa nakuletea sakoshi."

Masikio yangu yalisikia vizuri. Mikono ikakatala kumuachia.