Siku Nilibebwa Juu kwa Kurudia Darasa la Nne

Wacha nianze na aibu yenyewe, tusizungushane. Mimi ndiye yule mtoto alibebwa juu na akina mama wa kanisa, akazungushwa uwanja mzima wa shule akiimbiwa, na shada la kung'aa shingoni, siku ile ile aliambiwa atarudia darasa la nne. Kama ulikuwa hapo, nakusalimia. Kama hukuwa, vuta kiti, maana hapa Timau hii hadithi imeshaongezwa chumvi sana. Kuna mtu aliniambia alisikia nilipandishwa punda. Hakukuwa na punda.

Juzi nilienda dukani kuchukua mafuta, kwa sababu mimi hukaanga chipsi pale karibu na stendi. Mwenye duka alikuwa anafungua katoni ya mapambo ya Krismasi, yale mashada ya plastiki, nyekundu na kijani, yenye huku kwetu tunamvalisha mtu akimaliza chuo, akioa, hata akitoka hospitali akiwa mzima. Harufu ikanipiga. Plastiki mpya, vumbi ya katoni, na kitu kidogo kama mafuta taa. Nikasimama hapo mdomo wazi.

"Mama Chipsi, umeona nyoka?" akaniuliza.

Hapana. Nilikuwa nimeona shosho yangu.

Shosho alikuwa mama ya baba. Tuliishi na yeye huko juu, pahali baridi inaamka kabla ya jogoo, na asubuhi ukimwaga maji ya uso kwa nyasi, nyasi imeganda, inalia chini ya miguu kama inavunjika. Alilima viazi na kabichi. Jina lake lilikuwa Kagendo, na nilipozaliwa nikapewa hilo hilo, kwa hivyo nyumbani tulikuwa Kagendo wawili, mmoja wa kazi na mmoja wa kula. Yeye hakuwahi kuingia darasani. Lakini kila jioni alitaka kuona vitabu vyangu. Alifungua kurasa polepole na vidole vyake vya udongo, akaona ile kalamu nyekundu ya mwalimu imejaa kila mahali, akasema, "Huyu mwalimu anakupenda. Ona vile amekuandikia mengi."

Sikumrekebisha. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuamini.

Ukweli ni kwamba darasani nilikuwa wa mwisho, na sikuwa wa mwisho wa kubahatisha, nilikuwa wa mwisho wa kutegemewa. Wengine walikuwa wanashindana huko juu, leo huyu, kesho yule, mimi kiti changu kilikuwa salama. Kusoma kulinishinda. Herufi zilikuwa zinanitazama tu, na mimi nazitazama, kama watu wamekutana njiani na hakuna anayekumbuka jina la mwenzake. Nilichojua ni kuchekesha watu. Ungenipata pale nyuma nikiiga vile mwalimu mkuu anapiga chafya, na rafiki yangu Nkirote, ambaye alikuwa namba wani kila muhula, anaficha uso kwa sweta asishikwe akicheka.

Sasa, muhula wa mwisho wa huo mwaka, kukatokea muujiza. Mtoto mmoja alihamia shule yetu kutoka mbali, akashindwa na mtihani kuliko mimi. Nikawa wa pili kutoka mwisho. Nilienda nyumbani nikikimbia.

Na wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Murithi, mtu mrefu wa sauti ya chini, aliniita kando akaniambia, "Kagendo, siku ya kufunga shule mzazi wako asikose. Asikose kabisa."

Nyinyi mnaelewa hapo. Mimi sikuelewa, na nina sababu. Mwaka uliotangulia mwalimu alikuwa amemwambia Nkirote maneno hayo hayo, mzazi asikose, na siku ya kufunga Nkirote akapewa beseni kubwa la bluu mbele ya watu wote. Tena shule yetu ilikuwa na zawadi ya mwanafunzi aliyepanda namba zaidi. Na mimi nilikuwa nimetoka kupanda. Nikaweka moja na moja pamoja, na kwa vile hesabu pia ilikuwa imenishinda, nikapata zawadi.

Shosho alikuwa anamenya viazi nilipomwambia. Kisu kikasimama.

"Utaitwa mbele?"

"Nitaitwa."

"Kwa ile maikrofoni?"

"Kwa maikrofoni, shosho. Kagendo."

Akarudi kumenya, lakini niliona anamenya kiazi kile kile ambacho kilikuwa kimeshaisha. Katika nyumba yetu hakuna mtu alikuwa amewahi kuitwa mbele kwa kitu chochote kizuri. Na jina lingekuwa lake pia.

Kutoka hapo mambo yakaniponyoka. Mama, ambaye alikuwa anafanya kazi shamba la maua, akabadilishana shifti na mwenzake ili atoke mchana. Jogoo akahukumiwa. Shosho akaambia akina mama wa kanisa, na hao ukiwaambia kuna mtoto wa kuimbiwa, hawaulizi swali la pili. Akanunua shada, akalilaza chini kabisa ya kiondo, akalifunika na leso, ndio nisilione. Nililiona. Nilikuwa nanusa hicho kiondo kila nikipita.

Siku yenyewe ilianza na ukungu, halafu jua likatoka na mlima ukaonekana wote. Tulikuwa tumetoa madawati nje, tumeyapanga uwanjani, na mbele kukawa na meza yenye kitambaa cheupe. Juu yake kulikuwa na mabeseni, thermos, vikombe, sahani za maua maua. Kulinuka nyasi iliyofyekwa na mafuta ya kujipaka, maana siku hiyo kila mtoto alikuwa amepakwa mpaka anateleza. Shosho na kikosi chake walifika mapema, wamevaa vitambaa vyeupe vya kichwa, wakakaa mstari wa pili, wamenyooka kama wanapigwa picha.

Kabla ya mambo kuanza, Mwalimu Murithi akamwendea shosho, wakaenda wakasimama kando kwa tangi la maji. Mimi nilikuwa nimekaa na Nkirote chini kwa nyasi, nikawaona. Mwalimu alikuwa ameinama akiongea. Shosho alisikiza, akaitikia kwa kichwa polepole, akampa mkono, akarudi kukaa. Akakaza kitambaa chake cha kichwa.

Nikamdunga Nkirote na kiwiko. "Umeona? Anaambiwa."

"Anaambiwa nini?"

"Zawadi yangu ni gani, ndio ajue kama itabebeka."

Nkirote akaniangalia kwa ile huruma ya watu werevu.

Hotuba zikaenda. Watoto wa darasa la kwanza wakaimba, mmoja akalia. Zawadi zikaanza. Mama akafika akikimbia, bado na buti zake za shamba, mikono imekwaruzwa na miiba ya maua, akapenya mpaka kwa shosho. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Ameitwa?"

"Bado," shosho akasema. "Bado kidogo."

Nkirote akaitwa, akapewa beseni lingine, hili la kijani. Baba yake akasimama, akampa mwalimu mkuu mkono, akachukua beseni, akarudi kukaa. Halafu mwalimu mkuu akaishika maikrofoni vizuri, akasema, "Na sasa, mwanafunzi aliyepanda zaidi darasa la nne."

Mimi sikungoja. Nilisimama nikaanza kutembea. Nilitembea ile ya kujivuta, ya bibi harusi, nikiangalia mbele, na nilikuwa nimefika katikati ya uwanja, pale pahali hakuna mtu, hakuna dawati, hakuna hata jani la kujificha, wakati jina likasomwa. Lilikuwa la kijana mmoja kutoka mstari wa mbele, aliyekuwa ametoka namba za nyuma akaingia kwa wale wa kwanza. Akanipita mbio.

Wazazi wote wananiangalia. Siwezi kuenda mbele. Siwezi kurudi. Masikio yangu yalikuwa yanachemka. Na miguuni kwangu kulikuwa na karatasi ya peremende.

Nikainama nikaiokota.

Kisha nikaona nyingine, nikaiokota pia. Nikaendelea hivyo hivyo, kichwa chini, naokota karatasi za peremende na vijiti vya barafu na kipande cha mkanda wa kiatu, kama mtu ametumwa na serikali, nikielekea polepole upande wa choo. Mpango wangu ulikuwa kufika kule nikae mpaka shule ifunguliwe Januari.

"Ngojeni kidogo," maikrofoni ikasema. Nikaganda. "Wazazi, hebu muone huyo mtoto. Sisi tunapeana zawadi, yeye anasafisha uwanja. Kuna mtu amemwambia? Hakuna. Msichana, unaitwa nani?"

Nikasema kwa sauti haikufika hata puani.

Mwalimu Murithi akamsogelea mwalimu mkuu, akamnong'oneza.

"Kagendo," mwalimu mkuu akasema, na ile spika iliyofungwa juu ya mti ikalibeba hilo jina mpaka kwa mashamba ya ngano. "Mpigieni Kagendo makofi."

Makofi hayakuwa yamefika katikati wakati nilisikia vigelegele. Sikuhitaji kugeuka kujua ni nani. Shosho alikuwa amesimama, kiondo kimefunguka, shada mkononi, na kikosi chote nyuma yake. Walivuka ule uwanja wakiimba, na mbele yao shosho akicheza na mabega, mwanamke ambaye asubuhi alikuwa analalamika goti. Akanivalisha shada. Nikainuliwa. Mkono mmoja nimeshika shingo ya mama fulani, mwingine nimekumbatia takataka, maana hakuna mtu alikuwa ameniambia niziache. Tukazunguka uwanja. Mama alikuwa anacheza na buti. Walimu walikuwa wanacheka mpaka wanafuta macho, na mimi nikasahau kila kitu, nikaanza kupungia watu.

Watu walipoanza kuondoka, Mwalimu Murithi akatujia.

"Kagendo," akaniambia, akiinama tuonane macho, "mwaka ujao utakuwa na mimi tena, hapo hapo la nne. Tutasoma polepole mpaka ushike. Nimeshaongea na shosho."

Mama akageuka. "Mliongea saa ngapi?"

"Asubuhi. Kule kwa tangi."

Mama akamwangalia shosho. Shosho akapangusa sketi yake vumbi, akachukua kiondo.

"Jogoo ataiva saa ngapi tukisimama hapa?" akasema.

Mimi nilisikia "la nne" peke yake. Nililia njia yote, na lile shada likilowa linatoa rangi, kwa hivyo nilifika nyumbani shingo nyekundu kama bata mzinga, na sabuni haikusaidia. Jogoo tulikula. Nitasema ukweli, alikuwa mtamu, na nililia nikiongeza mchuzi.

Huo mwaka wa kurudia, Mwalimu Murithi alinikalisha mbele kabisa, akawa anabaki na mimi wakati wengine wameenda kucheza. Ndipo herufi zikaanza kunisalimia. Sikuwa profesa, sekondari nilifika kidato cha pili, karo ikakataa, nikatoka. Lakini gazeti la kufungia chipsi nalisoma kwanza, na mteja angoje.

Ile ya tangi ilinichukua miaka kuielewa. Ilinijia siku moja nikiwa jikoni namenya viazi, kisu kikasimama chenyewe. Shosho alikuwa anajua. Alikaa zile hotuba zote, na nyimbo zote, na mabeseni yote, akijua jina letu haliko kwa hiyo meza. Angeweza kuambia wale wamama tuende nyumbani. Angeweza kuniita kando anikate matumaini mapema, na hakuna mtu angemlaumu. Badala yake alikaa na kile kiondo cha shada mapajani, anangoja mlango wowote ufunguke, hata wa takataka. Na nilipofungua huo, alipita nao na watu wake wote. Mwalimu naye, nafikiri alinong'ona jina haraka hivyo kwa sababu alikuwa amemwona shosho vile amekaa.

Shosho hayuko tena. Sikuwahi kumshukuru, maana nilipoelewa alikuwa ameshaenda. Kwa hivyo huwa namshukuru hapa kwa karai, mafuta yakichemka, na wateja wanafikiri naongea na viazi. Juzi pale dukani nilinunua shada moja. Liko juu ya kibanda changu sasa, linang'aa, linanuka chipsi.

Lakini kitu cha mwisho nitakachowaambia ni cha Nkirote. Januari tulipofungua, yeye akaenda la tano na mimi nikabaki. Nilimpata kwa mfereji akiosha mikono, nikafikiri atanicheka, nikawa nimeshatayarisha utani wangu wa kumwahi. Hakucheka. Alifunga mfereji, akakung'uta maji kwa sketi, akasema bila kuniangalia:

"Mimi baba yangu aliweka viazi kwa lile beseni, basi, hakuna hata wimbo. Kagendo, mwaka huu ukirudia tena, uniambie mapema, nije nisimame karibu na wewe."