Mwanakondoo Hapikwi

Neno mwanakondoo sisi watu wa Zombe tulilipata kanisani. Nyumbani tulisema kana ka ilondu, yaani mtoto wa kondoo, na tulimla bila wasiwasi. Lakini watu wa misheni walipoleta hili la Kiswahili, likawa jina la Yesu, neno la kuimba, la kutamkwa mtu akiwa amevaa viatu. Mimi viatu nilinunua nikiwa na watoto wawili, lakini hiyo ni hadithi ingine.

Mwaka mmoja ukame uliniachia kondoo jike na mtoto wake, basi. Wazee wa kanisa wakaja kutafuta nyama ya mgeni mkubwa wa Jumapili.

"Tumeona huyo mdogo," mwenyekiti akasema.

Nikaona boma langu linaisha. Nikavua kofia. "Mzee, huyu ni mwanakondoo. Mtamwimbia asubuhi, halafu mchana mmtie kwa sufuria?"

Wakatoka nje kuomba. Nikajua nimeshinda.

Walirudi wakitabasamu. "Umesema kweli, ndugu yetu. Huyo tumemheshimu. Tupatie mama yake, huyo hana wimbo."

Wakaenda naye. Mimi nikabaki na mwanakondoo, nikimnywesha maziwa ya mbuzi ya kuomba kwa jirani.