Simu Iliyojipokea

Mama yake alimwita Injinia, na wala hakumwita hivyo kwa heshima. Jina lilianza siku aliposhindwa kuziba bomba la jikoni lililokuwa likivuja. Alilikaza mpaka likakatika, maji yakafika chumbani. Na huyo ndiye mtu ambaye kazi yake ofisini ilikuwa kutunga programu za simu! "Injinia wa vidole," mama akasema huku akikung'uta mkeka, "bomba tu linakushinda?" Jina likamganda, likamfuata hadi kazini.

Mama mwenyewe alikuwa dobi. Alinyoosha mashati ya watu ujana wake wote, na uzeeni baridi yabisi ikamlipa kwa kumkunja vidole visikunjuke tena. Akawa hawezi hata kutelezesha kidole kwenye kioo cha simu. Ikiita anaisukuma kwa kifundo, inaanguka, inanyamaza, na huko ofisini roho ya mwanawe inaruka. Mtoto wa pekee ndivyo alivyo. Simu isipopokelewa mara moja, yeye kwa mawazo keshafika msibani.

Ndipo akaitunga ile programu. Ilikuwa na kazi moja tu: simu ya Injinia ikiingia, iite kidogo, kisha ijipokee yenyewe na kutoa sauti kwa spika, mama aongee popote alipo bila kugusa kitu. Aliihangaikia baada ya saa za kazi, kwenye meza aliyobanana na mwenzake waliyemwita Mrefu, ghorofani juu ya duka la rangi, mahali ambapo harufu ya rangi hupanda ngazi pamoja na wafanyakazi. Siku ilipokubali, mama alicheka mpaka akakohoa. "Sasa wewe utakuwa unaingia kwangu bila hodi!" Mrefu naye akaiomba, akamwekea baba yake, mzee ambaye macho yalikuwa yamemchoka.

Sasa, mama huyu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitali yoyote: kununa. Ukimuudhi hagombi, ananyamaza. Hata kwenye simu alinuna. Unamsikia yupo, anapumua, neno hasemi. Injinia alizijua njia zake. Alikuwa akipiga porojo peke yake, anajisifu, anajitukana, mpaka mama achoke na kusonya, msonyo mrefu wa kupitia meno. Ukisikia msonyo, ujue yamekwisha. Kinachofuata hapo ni "Umekula?"

Jumapili moja walikwaruzana. Injinia alitaka mama ahamie kwake. Mama akasema haendi kuzeekea kwenye kochi la mkwe, ana kitanda chake na redio yake.

"Mama, siwezi kufanya kazi huku nakuwaza wewe tu!"

"Basi usiniwaze."

Injinia akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kesho yake mchana akapiga. Simu ikajipokea. Redio ilikuwa inaongea, na nyuma ya redio akasikia pumzi, nzito, zinazovutwa kwa taabu. Akazitambua mara moja, au alidhani amezitambua: pumzi za mtu aliyenuna.

"Aa, leo tumenuna? Nuna, mama. Nuna vizuri, usibakize."

Akaiweka simu mezani kwa spika ili Mrefu asaidie. Mrefu akainama. "Shikamoo mama! Nikuchapie huyu?" Wakacheka wote wawili. Msonyo haukuja. "Haya, nitapiga jioni, hasira zikipoa," Injinia akasema, akakata, akarudi kwenye kazi yake. Ilimwendea vizuri mchana ule, na hilo ndilo alilokuja kulichukia kuliko yote.

Jioni akapiga tena huku anafunga begi. Redio ileile. Pumzi hazisikiki.

"Hata kupumua unaninyima?" akatania. Kisha akashusha sauti. "Nisamehe, mama. Nitakuwaza tu, hata ukikataa."

Hajamaliza, akasikia mlango ukigongwa huko. Alikuwa jirani wa mama, mshona mapazia. "Hodi! Dada, mbona mlango haujafunguliwa tangu asubuhi? Dada?" Bawaba zikalia. Halafu yowe. Injinia aliyasikia yote akiwa amesimama na begi begani, kwa sababu programu ilikuwa inafanya kazi yake barabara.

Ni kiharusi. Daktari alisema kilimwangusha asubuhi, kati ya kitanda na meza ya simu, na kwamba hakufa papo hapo. Ndugu waliitikia kwa vichwa tu. Ni Injinia peke yake aliyejua maana ya maneno hayo. "Kazi ya Mungu haina makosa, mwanangu," mama yake mdogo akamwambia, akimshika mabega. Angemwambiaje kwamba alimsikia dada yake akitapatapa, naye akacheka?

Alirudi kazini akiwa amekonda. Watu wakampa pole, wakampunguzia kazi, wakaacha kutaniana mbele yake. Mchana mmoja Mrefu akampigia baba yake kwa spika, kama kawaida. Simu ikajipokea.

"Baba?"

Kimya.

"Baba, uko?"

Kimya. Injinia aliinuka kwa nguvu hadi kiti kikaanguka. "Mwambie aseme! Mrefu, mwambie aseme!" Akaikwapua simu. "Mzee! Mzee, sema neno lolote! Mzee!"

"Mna nini nyie?" sauti nzito ikajibu, mdomo umejaa. "Mtu hawezi hata kutafuna kwa amani?" Na mzee akasonya, msonyo mrefu wa kupitia meno.

Ofisi nzima ilikuwa imegeuka. Mrefu, aibu imemshika, akanyoosha kidole akate. Injinia akamdaka mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakujali nani anamwona.

"Usikate," akasema. "Mwache asonye tena."